Kwa nini magari yamenenepa hivi? Polo ya leo inaizidi Golf ya kwanza

#1 Kipimo Halisi
Wakuu, salaam. Naweka namba kwanza, maneno baadaye.

Golf ya kwanza (1974): urefu mm 3,705, upana mm 1,610. Golf ya nane: 4,284 kwa 1,789. Polo iliyotoka 2017, ambayo kwenye ukoo ni mdogo wake Golf: 4,053 kwa 1,751. Mdogo kampita kaka mtu kwa karibu sm 35. Mini ya 1959 ilikuwa na mm 3,054 na watu wanne walienea ndani. Mini ya milango mitatu iliyotoka 2014 ina 3,821. Corolla ya 1966 ilikuwa 3,845 kwa 1,485, saluni yake ya sasa ni 4,630 kwa 1,780.

Sura nazo: boneti imepanda, vioo vya milango vimebaki mwanya, ringi za inchi 19 kwenye gari la familia. Lakini ukikaa ndani huioni nafasi inayolingana na sentimita zote hizo. Zimekwenda wapi, na nani aliyeziomba? Jibu la "ni fasheni tu" silipokei.

#2 Binti Spana
Zimekwenda kwenye ajali, mkuu.

Jaribio la Marekani la kugonga ukuta mgumu uso kwa uso hufanywa kwa kilomita 56 kwa saa, yaani mita 15.6 kwa sekunde. Chukua hiyo spidi, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa mara mbili ya umbali wa kusimama. Gari likisimama ndani ya sm 30 za kukunjika, mwili unapokea wastani wa g 41 (mara 41 ya mvutano wa dunia). Lipe sm 60, unashuka hadi g 21 hivi. Na injini haikunjiki, kwa hiyo huwezi kuihesabu ndani ya huo umbali. Lazima pua iwe ndefu au injini itafutiwe njia ya kuteremkia chini ya sakafu.

Ubavuni ni hivyohivyo. Mlango wa Mini ya kwanza ulikuwa bati la nje, vioo vya kusukuma kwa mkono, na ndani uwazi wa kuwekea vitu. Mlango wa leo una mhimili wa chuma wa kuzuia kugongwa, mota ya kioo, reli zake, spika, sponji la kulinda nyonga, loki na fungu la waya. Upana umeishia humo, viwiko havikuambulia kitu. Juu, Marekani ilibadilisha kanuni ya paa mwaka 2009: kutoka kubeba mara 1.5 ya uzito wa gari hadi mara 3. Nguzo zikanenepa, na mfuko wa hewa wa pazia nao ukataka mahali pa kujikunjia kandokando ya paa.

Anayetaka kujua gari dogo la zamani linavyofanya kwenye jaribio, atafute matokeo ya Rover 100 kwa Euro NCAP (wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya) mwaka 1997. Nyota moja. Utengenezaji wake ulikoma mwaka huohuo.

#3 Ringi 13
Fizikia ya kidato cha tatu imetufuata hadi huku 😂 Sawa dada, ila nyota za usalama hazielezi kwa nini SUV ina ringi za inchi 20 na grili la kupitisha mbuzi.

#4 Mzee wa Karbureta
Vijana mnazungumza kama magari yamekuwa yakikua tangu Nuhu. Cadillac za 1959 zilikuwa na urefu wa mita 5.7. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973 Wamarekani walianza kupunguza: Impala na Caprice za modeli ya 1977 zilikatwa kama sm 25 na kilo 300 hivi, na nafasi ya ndani haikupungua. Kwa hiyo ukubwa hupanda na kushuka, na anayeushika usukani ni bei ya mafuta.

Halafu urefu peke yake haulindi mtu. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, iliigonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009, kila moja ikitumia sehemu ya upande wa dereva. Bel Air ilikuwa ndefu kuliko Malibu kwa karibu nusu mita. Chumba cha dereva wa Bel Air kilijikunja, cha Malibu kilibaki na umbo lake.

#5 Binti Spana
Mzee #4, huo mfano unanisaidia mimi. Bel Air ilikuwa na urefu usio na mpangilio. Wazo la pua na mkia vikunjike halafu chumba cha abiria kibaki kigumu ni la Béla Barényi wa Mercedes, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na gari la kwanza kulibeba kikamilifu ni W111 ya 1959. Urefu unaohitajika ni ule unaokunjika kwa zamu: bampa, kisha masanduku ya kukunjika nyuma yake, kisha reli za chesisi, na ukuta wa mbele ya miguu ndio wa mwisho kuguswa.

#6 Kifungu cha Sheria
Ngoja niwape mhalifu wangu, na huyu yuko kwenye karatasi.

Marekani ilipitisha sheria ya ulaji wa mafuta mwaka 1975, viwango vikaanza na modeli za 1978. Tangu mwanzo "malori mepesi" yalipewa kiwango laini kuliko magari ya abiria. Sasa soma jinsi gari linavyoingia kundi la malori mepesi. Njia mojawapo: liwe la kuendesha magurudumu yote manne (au uzito wake pamoja na mzigo uzidi pauni 6,000), kisha litimize vipimo vinne kati ya vitano: pembe ya mbele digrii 28, pembe ya katikati 14, pembe ya nyuma 20, uwazi wa chini ya tumbo sm 20, uwazi chini ya ekseli sm 18. Subaru waliirekebisha Outback ya 2005 ikaingia humo. PT Cruiser ya Chrysler ilipita mlango mwingine: viti vya nyuma vinatoka, sakafu inabaki tambarare. Ukiuliza kwa nini kila kitu kimeinuliwa na kuvikwa plastiki, anzia hapo.

La pili: kufikia modeli za 2011, shabaha ya kila gari ilihesabiwa kwa eneo linalozungukwa na matairi manne, yaani umbali kati ya ekseli mbili kuzidisha umbali wa tairi la kushoto na la kulia. Mita 2.6 kwa 1.55 ni mraba wa mita 4.03. Lisogeze hadi 2.8 kwa 1.65, unapata 4.62 na shabaha nyepesi zaidi. Kuvuta matairi pembeni ni kazi ya mchoraji. Kupunguza mafuta kwa kiwango hichohicho ni kazi ya mhandisi, nayo ni ghali. Ulaya nao walifuata eneo hilohilo.

#7 Gramu 95
#6 umenena, ila hapo mwisho si kweli. Ulaya ilifuata uzito, sio eneo. Shabaha ya mwaka 2020 ilikuwa wastani wa gramu 95 za kaboni dioksidi kwa kilomita, na kila kilo 100 ambazo wastani wa kampuni ulizidi uzito wa kulinganishia ziliiongezea kampuni gramu 3.33. Kwa hiyo kule kupunguza uzito hakukulipa kikamilifu, maana ukipunguza kilo, shabaha nayo inakazwa. Matokeo yanafanana na ya Marekani, mlango ni tofauti. Magari mapya ya Ulaya yamekuwa yakipanuka kama sm 1 kila miaka miwili.

#8 Kifungu cha Sheria
Asante kwa nyongeza. Hoja yangu inabaki palepale: mtunga sheria kaandika, mchoraji katii.

#9 Kei Moja
Ushahidi wa #6 upo Japani. Gari la daraja la kei (dogo kuliko yote) halivuki mita 3.4 kwa 1.48, kimo mita 2, injini cc 660. Juu yake kuna daraja dogo: mita 4.7 kwa 1.7 na cc 2,000. Hadi 1989 gari lililovuka mstari huo lilikamuliwa kodi vibaya, ndiyo maana saluni nyingi za Kijapani za wakati ule zina upana wa mm 1,690 au 1,695. Kodi ilipolegezwa zikaanza kufura. Corolla Axio na Fielder zilibaki na mm 1,695 huku Corolla ya nchi nyingine ikipanuka. Jina moja, mabati tofauti. Anayeagiza mlango au bampa kwa kusoma jina tu huumia hapo. Soma namba ya chesisi.

#10 Mzee wa Karbureta
Kei nazo zimekua, usiwafiche wenzako. Mwaka 1955 zilikuwa na mita 3.0 kwa 1.3 na cc 360. Mwaka 1976 zikapewa cc 550 na mita 3.2 kwa 1.4, mwaka 1990 cc 660 na mita 3.3, mwaka 1998 zikafika hapo ulipotaja. Uzio wenyewe unasogezwa. Na ukizuia urefu na upana, gari linakwenda juu: Wagon R ya Suzuki ya 1993 ilianza, leo N-Box ya Honda ina kimo cha karibu mita 1.8.

#11 Daftari la Hesabu
Mnazunguka tu. Fuateni fedha.

Gari dogo na kubwa yanatumia kompyuta ya injini ileile, idadi ileile ya mifuko ya hewa, kamera ileile, pampu ya ABS ileile, na saa za kazi kiwandani zinazokaribiana. Kinachoongezeka kwenye gari kubwa ni chuma, plastiki na sponji, na hivyo ndivyo vitu rahisi kuliko vyote ndani ya gari. Mnunuzi halipi kwa kilo, analipa kwa daraja. Tofauti ya bei inakwenda karibu yote kwenye faida. Gari dogo likishabebeshwa vifaa vyote vya lazima, faida yake inabaki ukoko. Ford walitangaza mwaka 2018 kwamba wanaachana na karibu saluni zote Marekani Kaskazini, na Fiesta ilikwisha kutengenezwa 2023.

Kingine ni chesisi za pamoja. MQB ya Volkswagen (2012) imefunga kipimo kimoja tu, kutoka ekseli ya mbele hadi pedali, vingine vinanyooshwa. Gharama ya kunyoosha ni ndogo, basi kila toleo jipya linanyooshwa ili tangazo liseme "kubwa kuliko la zamani". Baada ya matoleo matatu chini panabaki pengo na jina jipya linazaliwa. Golf ikapanda, Polo ikakaa pale ilipokuwa Golf, Up ikaingia 2011 palipokuwa pa Polo. Sasa Up nayo imekwisha.

#12 Ringi 13
Kwa hiyo #2 kamkamata daktari, #6 kamkamata bunge, #11 kamkamata mhasibu. Bado mchoraji hajahojiwa.

#13 Penseli ya Bodi
Nahojiwa. Hatukuanza sisi, lakini hatukulia pia.

Boneti ilipanda kwanza kwa ajili ya mtembea kwa miguu. Kanuni za Ulaya zilizoanza kwa modeli mpya Oktoba 2005 zinataka kichwa kinapotua kwenye boneti, bati lizame kabla ya kugusa injini. Maana yake unahitaji uwazi wa sentimita kadhaa kati ya bati na vyuma vya juu ya injini. Kuna wanaoweka vilipuzi vya kuinua boneti nyuma wakati wa mgongano ili mstari ubaki chini, ila vikishafyatuka vinabadilishwa vyote, pamoja na bawaba. Kanuni hizohizo zilisaidia kuzika taa za kuchomoza. Corvette C5 na Lotus Esprit zilikuwa za mwisho, 2004.

Boneti ikipanda, mstari wa chini ya vioo lazima upande, la sivyo gari linaonekana limeinamia mbele. Mstari ukipanda, ubavu unakuwa ukuta mtupu. Ukuta ukiuwekea ringi ya inchi 15 gari linaonekana limevaa viatu vya mtoto. Kwenye mchoro tunapenda kati ya tairi la mbele na la nyuma paingie matairi matatu hivi. Umbali huo ukinyooshwa na #11, tairi lazima likue. Plastiki nyeusi kwenye matao na chini ya milango ina kazi mbili: inapokea mawe, na inalidanganya jicho lisione unene wa ubavu. Mikunjo mikali ya mabati nayo ni ya kuvunja ukuta huohuo.

#14 Ringi 13
Hapo kwenye ringi niachieni mimi. Sura ya gari usiiamini, soma tairi:

155/80 R13 (kama Golf ya kwanza): kimo cha tairi lote mm 578, shavu la mpira mm 124.
205/55 R16: mm 632, shavu 113.
225/45 R17: mm 634, shavu 101.
235/35 R19: mm 647, shavu 82.

Kutoka 16 kwenda 17 tairi lote limeongezeka mm 2. Kilichobadilika ni mpira kugeuka chuma. Shavu la mm 82 likiwa na upepo pungufu, shimo moja linapinda ringi na kupasua nyuzi za ndani. Uvimbe ubavuni unajitokeza baadaye, na hauzibwi, tairi linatupwa.

Wanaotaka kurudi ringi ndogo waangalie breki kwanza. Golf ya kwanza ilikuwa na diski za mm 239. Diski ya mm 312 haiingii kwenye ringi ya inchi 15, kaliper inagusa. Baada ya hapo linganisha idadi na duara la bolti, tundu la katikati, namba ya ET (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa ringi), na alama ya uzito wa tairi isipungue iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango. Breki imekua kwa sababu gari ni zito, na breki kubwa na ringi kubwa zinaongeza uzito. Ni duara hilo.

#15 Kiti cha Nyuma
Hakuna aliyetaja watoto. Vishikio vya ISOFIX, vya kufungia kiti cha mtoto, viko sm 28 kutoka kimoja hadi kingine, na kiti chenyewe ni kipana kuliko hapo. Kupanga viti vitatu safu moja kwenye gari la upana wa mm 1,700 ni mateso. Kanuni ya R129 ya viti vya watoto inataka mtoto atazame nyuma hadi miezi 15, na kiti hicho kinamsukuma abiria wa mbele hadi magoti yaguse dashibodi. Mzazi akijaribu mara moja anahamia gari la ukubwa wa juu. #1 ulisema ndani hapajaongezeka. Pima nyuma ya kiti cha mbele, sio viwikoni.

#16 Kipimo Halisi
Mzigo wa watoto naupokea nusu. Watoto watatu walikaa nyuma ya magari membamba miongo mingi.

#17 Kiti cha Nyuma
Walikaa bila kufungwa, mkuu.

#18 Seli na Waya
Mmesahau betri. Pakiti ya chini ya sakafu inakula sm 10 hadi 15 za kimo. Sakafu ikipanda, ama miguu ya abiria inanyooka mbele na mapaja yananing'inia, ama paa linapanda. Wengi wanapandisha paa na kuliita krosiova. Wachache wanachimba "gereji ya miguu" ndani ya pakiti mbele ya kiti cha nyuma, ila unapoteza seli. GMC Hummer ya umeme ina betri ya kilo 1,300 hivi, gari zima kama kilo 4,100.

Umeme umeleta na sura yake: grili halihitaji kupitisha hewa nyingi, hivyo linazibwa, na mkia unakatwa ghafla ili hewa iachane na bodi mahali pamoja. Mercedes EQS ilifika 0.20 kwenye kipimo cha ukinzani wa hewa. Lakini namba hiyo huzidishwa na eneo la uso wa gari. SUV yenye 0.28 na uso mpana inaweza kusukuma hewa zaidi ya saluni yenye 0.30.

#19 Mzee wa Karbureta
Kama sheria, ajali na betri vinalazimisha, nielezeni MX-5 ya Mazda. Ya 1989 ilikuwa na mm 3,970, ya 2015 ina 3,915. Yaris ya 2020 ilipungua mm 5 kutoka iliyotangulia. Swift ya 2017 ina mm 3,840 na modeli nyepesi haifiki kilo 900. Hizo mpya zote zina mifuko ya hewa na zimeuzwa kihalali. Aliyetaka kupunguza alipunguza.

#20 Penseli ya Bodi
MX-5 ina viti viwili, mzee. Ila Swift umenibana.

#21 Daftari la Hesabu
Na waulize wangapi wananunua Swift wakiwa na uwezo wa kununua kubwa.

#22 Binti Spana
Tusisahau mtu aliye nje ya gari. Utafiti wa IIHS wa 2023: magari yenye boneti ya zaidi ya sm 102 yalikuwa na uwezekano wa kuua mtembea kwa miguu kwa takriban asilimia 45 zaidi ya yale yenye boneti ya sm 76 au chini na pua iliyoinama. Kipimo kinachonilinda mimi ndani kinamgharimu aliye nje. Marekani ililazimisha kamera ya nyuma kwa magari mapya kuanzia Mei 2018. Mbele haijalazimisha.

#23 Mlango wa Gereji
Swali la vitendo: nafasi ya maegesho ya mita 2.4 kwa 4.8, Golf ya nane inaingia?

#24 Kipimo Halisi
Inaingia, ila soma vipimo vizuri. Upana wa mm 1,789 ni bila vioo vya pembeni; vikiwa wazi ni 2,073. Ukiegesha katikati unabaki na sm 30 kila upande kutoka bodini. Mlango haufunguki kwa mtu mzima ndani ya sm 30, unategemea jirani naye aache zake. Kwa gereji pima mambo manne: upana wa mlango dhidi ya vioo vilivyofunguka, kimo cha gari buti likiwa limeinuliwa, pembe ya mteremko wa kuingilia dhidi ya bampa la mbele, na uwazi wa kufungua mlango wa dereva ukiwa ndani.

#25 Jeki Fupi
Mimi kinachoniudhi ni spea. Gari limeongezeka nusu mita halafu buti lina chupa ya gundi na kompresa!

#26 Ringi 13
Tairi kamili la inchi 19 pamoja na jeki ni zaidi ya kilo 20, na kila kilo inahesabiwa kwenye jaribio la mafuta. Ile gundi inaziba tundu dogo la msumari kwenye kanyagio tu, milimita 4 hadi 6 kutegemea chupa. Shavu likichanika haifanyi kitu. Ina tarehe ya mwisho kwenye lebo, na ukiitumia mwambie fundi kabla hajavua tairi, maana inamwagika na inaweza kuchafua kihisi cha upepo.

#27 Jeki Fupi
Na ile spea nyembamba ya kilomita 80 kwa saa, naweza kuifunga mbele kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele?

#28 Ringi 13
Soma kitabu cha gari kwanza. Kama kimo chake kinapishana na matairi mengine, usiifunge mbele: difu itakuwa inazungusha pande mbili kwa spidi tofauti muda wote na itapata moto. Pancha ikiwa mbele, hamisha tairi zima la nyuma uliweke mbele, spea ikae nyuma. Upepo wake mara nyingi ni bar 4.2, umeandikwa ubavuni. Watu wengi huikuta imekauka siku wanayoihitaji.